Kilo nne za Mama Kulwa zilikwenda wapi

Mama Kulwa alifika kliniki Jumanne ya pili ya mwezi wa 6 akiwa ameshikwa mkono na binti yake. Jina hilo nimempa mimi, na mambo ya nyumbani kwake nimeyabadili kidogo asitambulike, lakini kisa chenyewe ameridhia kiandikwe. Alisema anataka wenzake wa Mwaloni wakisome.

Mimi ni afisa lishe. Kwenye kliniki ya presha na kisukari ninayofanyia kazi hapa Mwanza, kazi yangu ni kupima uzito na kiuno, kisha kukaa na mtu tukazungumza juu ya sahani yake na kikombe chake. Mama Kulwa nilikuwa namfahamu tangu mwaka uliotangulia. Ana miaka 47, urefu wake ni sentimita 158, na presha yake ilikuwa inatibiwa kwa vidonge viwili: amlodipini na haidroklorothiazaidi. Hicho cha pili wagonjwa wetu wanakiita kidonge cha mkojo. Anauza dagaa kwa jumla Mwaloni, Kirumba. Huamka saa 9 usiku, na saa 10 alfajiri anakuwa ameshakaa juu ya gunia akipanga bei na watu wanaopeleka mzigo mikoani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," akajibu kwa sauti ya chini, sauti ambayo si yake.

Nikamwomba apande mzani. Ukasoma kilo 87.4. Nikafungua kadi: wiki mbili kabla, mzani huohuo ulisoma 91.2. Karibu kilo 4 zilikuwa zimeondoka. Alipoiona namba alitabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko chochote nilichokiona siku hiyo. Mama aliyeshindwa kusimama peke yake alikuwa anafurahi.

Presha yake, ambayo kwa kawaida hucheza kwenye 148/92, ilikuwa 104/66 akiwa amekaa. Aliposimama ikashuka hadi 86/58 na akashika ukingo wa meza. Alisema misuli ya mapaja inamkaza usiku mpaka analia, miguu imekuwa mizito kama ya mtu mwingine, na moyo "unaruka pigo halafu unajikumbuka." Daktari akaagiza damu ipimwe. Potasiamu ilikuwa 2.9, wakati ya kawaida ni kati ya 3.5 na 5.0. Kiwango hicho si cha kumrudisha mtu nyumbani na panadol. Potasiamu ndiyo inayoiwezesha misuli kukaza na kulegea, na moyo nao ni msuli.

Tukamuuliza kilichobadilika. Hakuna, anakula kama zamani. Anakunywa dawa zake? Anakunywa vizuri tu. Anaharisha? Akanyamaza, akamtazama binti. Ndipo Doto akasema: "Mama, si uwaambie ile chai."

Chai yenyewe

Ilitoka kwenye kikoba. Wanawake 20 wa Mwaloni wana kikoba chao cha kuweka na kukopeshana, wanakutana kila Jumamosi, na mmoja wao alianza kuleta pakiti za chai ya Kichina ya kupunguza unene. Unachukua leo, unalipa kidogo kidogo kwa wiki nne. Simlaumu mama huyo. Naye aliuziwa dukani mjini kama wengine, akaambiwa ni oolong, ni majani tu, haina kemikali. Pakiti yenye vifuko 20 aliiuza shilingi 25,000. Maelekezo yalikuwa kifuko kimoja usiku baada ya kula, "asubuhi kitakusafisha."

Mama Kulwa alianza na kimoja. Siku ya tatu akaona kinafanya kazi polepole, akaweka viwili. Kila alfajiri, kabla ya kwenda sokoni, alikuwa anakwenda chooni mara nne, tano. Hakuita kuharisha. Aliita kusafishika, na alilichukulia tumbo lililokuwa linamkata kuwa dalili kwamba mafuta yanatoka.

Nilimwomba Doto alete pakiti. Ilikuwa nzuri, ya kijani, ina picha ya kikombe na kiuno chembamba, na neno Oolong kwa herufi kubwa. Maandishi mengine yote yalikuwa ya Kichina. Nikakata kifuko kimoja kwa wembe, nikamwaga kilichomo kwenye sahani ndogo, tukainama juu yake mimi na mama anayegawa dawa dirishani kwetu, mtu mzima ambaye amekaa na dawa kuliko umri wangu.

Kulikuwa na vipande vyeusi vilivyojikunja, hivyo vilinukia chai. Lakini vilikuwa vichache. Sehemu kubwa ilikuwa majani bapa ya kijani kilichofifia, membamba, yenye ncha, yaliyokatikakatika, pamoja na vipande vya ganda jembamba kama karatasi, vimepinda. Mama wa dirishani akachukua kidogo, akasugua kwenye kiganja, akanusa, kisha akagusa kwa ncha ya ulimi. Hakufikiri hata sekunde tano.

"Hii sanamaki."

Nikaipiga picha orodha ya viambato kwa simu na kuifasiri. Mstari wa kwanza ulikuwa wulong cha, chai ya oolong. Wa tatu ulisomeka fan xie ye. Hilo ndilo jina la Kichina la majani ya sanamaki. Kwa hiyo yeyote aliyejua Kichina aliambiwa ukweli. Mnunuzi wa Kirumba hakuambiwa kitu.

Sanamaki tunaijua. Inauzwa kwenye masoko yetu, na bibi zetu waliitumia kwa mtu aliyefunga choo siku tatu, mara moja au mbili, basi. Hospitali nazo zinatumia dawa iliyotokana na mmea huohuo. Lau mtu angemwambia Mama Kulwa anywe sanamaki kila usiku mara mbili, angemuuliza kama ana akili timamu. Neno "chai" ndilo lililomfanya ashushe mikono. Chai ni kitu cha mgeni, cha mtoto, cha asubuhi. Nani anaiogopa chai?

Maji, mavi au mafuta

Sasa nirudi kwenye swali ambalo naamini kila mtu anayepungua haraka anapaswa kujiuliza: kilo zimekwenda wapi? Mwili una njia chache za kupunguza namba kwenye mzani. Unaweza kupoteza maji, unaweza kupoteza kilichomo tumboni, unaweza kupoteza misuli, na unaweza kupoteza mafuta. Mzani hautofautishi.

Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kalori zipatazo 7,700. Kilo 3.8 za mafuta zingekuwa kalori zaidi ya 29,000. Mama Kulwa alikunywa chai ile siku 8. Ili zile zote ziwe mafuta, angepaswa kupungukiwa kalori zaidi ya 3,600 kila siku, na mwanamke wa umbo na kazi yake hata hatumii kalori nyingi hivyo kwa siku nzima. Angefunga kula kabisa, asitie hata tonge mdomoni, asingefika hapo.

Sanamaki yenyewe inafanya kazi mahali ambapo mafuta ya chakula hayapo tena. Kemikali zake hupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba bila kuguswa. Zikifika kwenye utumbo mpana, bakteria wanaoishi humo ndio wanaozigeuza kuwa dawa, na ndiyo maana mtu anayeinywa saa 2 usiku huamshwa alfajiri, baada ya saa 6 hadi 12. Hapo utumbo mpana unasukuma kwa nguvu na unakataa kurudisha maji mwilini. Lakini chapati, wali na mafuta ya kupikia vilishafyonzwa kwenye utumbo mwembamba saa nyingi kabla. Kalori zimeshaingia ndani. Kinachotoka ni maji, chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na makapi.

Kwa Mama Kulwa kulikuwa na tatizo la pili, na hili ndilo lililokaribia kumpeleka pabaya. Kidonge chake cha mkojo nacho kinatoa potasiamu, kwa njia ya figo. Kwa hiyo alikuwa na tundu mbili kwenye ndoo moja, moja aliandikiwa na daktari na nyingine aliinunua kwenye kikoba, na hakuna aliyejua kuhusu mwenzake. Daktari hakuuliza juu ya chai. Na mimi, niliyezungumza naye wiki mbili kabla juu ya chumvi na mafuta, sikuuliza. Siku hizi nauliza kila mtu, na siulizi "unatumia dawa nyingine?" maana jibu ni hapana. Nauliza: "Unakunywa nini usiku?"

Matibabu hayakuwa marefu. Chai ilisimamishwa siku hiyohiyo, kidonge cha mkojo kikasimamishwa, akapewa vidonge vya potasiamu na maji ya chumvi na sukari ya pakiti, akapimwa moyo kwa mashine, akalala siku mbili chini ya uangalizi. Mimi nilimwongezea ndizi mbivu, maharage, viazi vitamu na machungwa. Siku ya 6 tangu aache chai alipanda mzani tena: 90.6.

"Yaani zimerudi zote?" Macho yakamjaa machozi.

Nilimwambia hazikurudi, kwa sababu hazikuwahi kuondoka. Yalikuwa ni maji ya mwili wake, na mwili umeyachukua tena ulipopata nafasi. Sidhani kama nilimfariji. Alikuwa amelipa 25,000 na usiku nane wa tumbo kukata, na alichobaki nacho ni pungufu ya gramu 600.

Kabla sijaendelea, neno moja juu ya pakiti za namna hii. Tangu 2019 iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, imekuwa TMDA, inayosimamia dawa na vifaa tiba, na kazi ya chakula ikahamia TBS, shirika la viwango. Pakiti iliyoandikwa chai, ndani ina dawa ya kuendesha, inapita katikati ya milango hiyo miwili ikionekana kama kitu cha jikoni. Ukiona imekudhuru, iweke, usiitupe, na uipeleke ofisi ya TMDA Kanda ya Ziwa, iko hapahapa Mwanza. Na sanamaki si jambo baya kuliko yote linaloweza kukutwa humo. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya utafiti wa wagonjwa wapatao 10,000 kuonyesha kwamba iliongeza mishtuko ya moyo na kiharusi kwa wenye magonjwa ya moyo, imekuwa ikikutwa mara kwa mara, nchi mbalimbali, ndani ya chai na kahawa za kupunguza unene bila kuandikwa. Hiyo hutaiona kwenye sahani kwa wembe.

Oolong ya kweli

Kisa kingeishia hapo kama si mtoto wa dada yake. Kijana huyo anafuata mzigo Guangzhou, na alipopata habari kwamba mamake mdogo ameponzwa na chai bandia, alikasirika akamletea ya kweli kutoka soko la jumla la chai la Fangcun. Robo tatu ya kilo, kwenye makopo ya bati. Mama Kulwa akaja nayo kliniki, akaiweka mezani kwangu kama mtu aliyeleta ushahidi mahakamani.

"Hii je?"

Ningeweza kumwambia aachane na chai za Kichina kabisa. Nilifikiria. Lakini nilifungua kopo, na kilichokuwamo hakikufanana hata kidogo na kile cha kwenye kifuko. Vilikuwa vidonge vidogo vya kijani kizito, vigumu, vimekunjwa kama punje za pilipili manga. Nikachemsha maji, nikaweka kijiko kimoja kwenye glasi. Vikaanza kufunguka kimoja kimoja, polepole, na baada ya dakika tatu glasi ilikuwa na majani mazima, makubwa, yenye mishipa, na ukingoni mwa kila jani mna mstari mwekundu wa kahawia, katikati kijani. Hakuna ganda, hakuna jani bapa. Harufu yake ilikuwa ya maua. Doto alisema inanukia kama kanisa siku ya harusi.

Ukingo ule mwekundu ndio alama ya oolong. Mmea wake ni mchai uleule unaolimwa Mufindi, Rungwe, Lushoto na kwa majirani zetu wa Bukoba, tofauti iko kwenye mikono. Chai ya kijani jani lake hukaangwa au kupigwa mvuke mapema lisibadilike rangi. Chai yetu nyeusi jani husagwa na kuachwa liive lote kwa hewa. Oolong iko katikati: jani huanikwa linyauke, kisha hutikiswa na kurushwarushwa mpaka kingo zake zichubuke, sehemu iliyochubuka iive kwa hewa na katikati isiive, ndipo hutiwa kwenye moto kulizuia, likakunjwa na kukaushwa. Jina lake maana yake ni joka jeusi. Nyumbani kwake ni Fujian, kwenye milima ya Wuyi na wilaya ya Anxi, pamoja na Guangdong na Taiwan. Ile ya kijana ilikuwa Tieguanyin, ya Anxi.

Je, inapunguza mwili? Hapa nilitaka kuwa mkweli kwa Mama Kulwa, kwa sababu alishadanganywa mara moja. Ndiyo, kidogo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwanywesha wanaume 12 chai ya oolong nzito, gramu 15 za majani kwa siku, na kupima nguvu ambayo miili yao inaichoma. Waliokunywa oolong walichoma kalori zipatazo 67 zaidi kwa siku kuliko walipokunywa maji. Lakini watafiti hao walikuwa waangalifu, waliwapa pia maji yaliyotiwa kafeini tupu kwa kiasi kilekile, na hayo yakaongeza kalori 79. Maana yake chai haikuishinda kafeini yake yenyewe katika kuchoma nguvu. Kule China, utafiti uliochapishwa 2009 uliwapa watu wanene 102 gramu 8 za oolong kwa siku kwa wiki 6, na wengi wao walipungua zaidi ya kilo 1, ila haukuwa na kundi la kulinganisha nalo, na mtu anayejua anapimwa hula kwa adabu. Tathmini ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, juu ya ndugu yake, chai ya kijani, ilisema upungufu wa uzito ni mdogo mno kuwa na maana kwa afya.

Nikamwekea vijiko vinne vya sukari kwenye kisosi. Vijiko vya chai, vilivyosawazishwa.

"Hivi ni kalori 64. Chai yote ya siku nzima, ile nzito kuliko utakayokunywa, inakuchomea hizi tu. Ukiitia sukari umeirudisha."

Alikitazama kile kisosi muda mrefu. Kisha akaniuliza swali ambalo lilibadilisha kazi yetu yote: "Sasa mimi kwa siku natia ngapi?"

Tukahesabu. Mwaloni kuna kijana anayepita na chupa za chai ya maziwa kuanzia alfajiri. Mama Kulwa alikuwa anakunywa vikombe vinne mpaka saa 8 mchana: cha kwanza na chapati mbili, cha pili saa 3 mzigo ukishafungwa, kisha viwili vya kuongea na wateja, maana huwezi kupatana bei na mtu mkavu. Kila kikombe vijiko vitatu. Vijiko 12 kwa siku, kalori 190 hivi, na maziwa ya vikombe vyote yanakaribia robo lita, kalori 150 nyingine. Hakuwahi kuvihesabu kama chakula. Nilipomuuliza mwaka jana anakula nini, alinitajia ugali, sato na matembele, na hakudanganya. Chai haikuwa chakula, ilikuwa kazi.

Tukakubaliana hivi. Oolong bila sukari wala maziwa itachukua nafasi ya vile vikombe vinne, gramu 8 za majani kwa siku, majani yaleyale yamwagiwe maji mara tatu au nne kwani yanavumilia. Chapati zake mbili za asubuhi zibaki, kwa sababu mtu anayebeba magunia huwezi kumnyang'anya kila kitu siku moja. Kikombe cha mwisho saa 8 mchana, maana analala saa 2 usiku na kafeini hukaa mwilini muda mrefu. Kiwe saa moja baada ya kula. Na daktari, ambaye hakumrudishia kidonge cha mkojo bali alimpa dawa nyingine ya presha, ampime potasiamu kila mwezi.

Wiki ya kwanza alinipigia simu kusema chai haina ladha, ni kama kunywa maji yaliyooshea maua, na kichwa kinamuuma. Wiki ya pili kichwa kiliacha. Kuanzia wiki ya nne akawa ananieleza tofauti ya mmiminiko wa kwanza na wa tatu, na wanawake wengine wa Mwaloni wakawa wanakuja na glasi zao.

Baada ya wiki 12 mzani ulisoma 86.9. Alikuwa amepungua kilo 3.7, karibu sawa na zile za siku 8, ila safari hii kiuno kilishuka kutoka sentimita 104 hadi 99, presha ilikuwa 134/84, na alipanda ngazi za kliniki bila kushikwa. Kijana wa Guangzhou akatangaza ukoo mzima kwamba chai yake imefanya kazi.

Nilikaa na karatasi jioni ile. Kilo 3.7 kwa siku 84 ni upungufu wa kalori 340 hivi kwa siku. Nikimpa oolong sifa zote, kama vile amekunywa gramu 15 badala ya 8 na kama vile mwili wake ni wa wale wanaume 12, kalori 67 kwa siku zinafanya gramu 730. Hazifiki hata robo. Sukari na maziwa alivyoviacha vinafanya 340. Zimekaribiana kiasi cha kunishtua, na siitegemei hesabu hiyo sana, kwa sababu mwili si kibubu na siku za sherehe hakunipigia simu. Lakini uzito wa jambo uko wapi, unaonekana.

Ikatokea jambo ambalo sikulipanga. Makopo yaliisha, na mzigo wa kijana ukachelewa. Nilimwambia atumie majani ya chai ya kawaida ya dukani, ya hapa nchini, chai ya rangi na mchaichai, kwa masharti yaleyale, bila sukari. Alisitasita, akasema atanenepa. Baada ya wiki 3 mzani ulisoma 86.0. Kilo 0.9 kwa wiki tatu, kasi ileile ya oolong. Mtu mmoja si utafiti, najua. Ila nilimwonyesha kadi, akafuata namba kwa kidole kutoka juu mpaka chini, na akasema peke yake bila mimi kumwambia: "Kumbe ilikuwa ile sukari ya yule mtoto wa chupa."

Doto

Nimebakiza Doto, kwa sababu kisa hiki kina mgonjwa wa pili na nilichelewa kumwona.

Doto ana miaka 20, hana unene wowote. Alikuwa anakunywa oolong ya mama yake tangu wiki ya kwanza, kwa kupenda harufu, na aliinywa na chakula: glasi pembeni ya ugali na maharage, glasi pembeni ya mchicha. Mwezi wa 9 alianza kuchoka, akawa anahema akipanda kilima cha kwao. Wingi wa damu ulikuwa 9.8, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12. Sisemi chai ndiyo iliyomtoa damu. Hedhi yake ni nzito na nyama kwao ni ya Jumapili. Lakini chai, iwe ya Anxi au ya Mufindi, ina tanini zinazoshikana na madini ya chuma ya kwenye maharage na mboga tumboni, na ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu yake yasiingie mwilini. Mama yake nilimpa sharti la saa moja baada ya kula. Binti aliyekuwa amekaa kiti cha pembeni sikumgeukia.

Sasa anakunywa vidonge vya madini ya chuma kwa juisi ya chungwa, dagaa wa mama yake wamerudi kwenye sahani yake mara nne kwa wiki, na chai anakunywa saa 10 jioni, peke yake, bila chakula. Kipimo cha mwisho kilikuwa 11.4.

Mzigo wa Guangzhou ulifika wiki iliyopita, makopo manne. Mama Kulwa aliniuliza kama ayachukue. Nilimwambia ayachukue ikiwa anaipenda ladha yake, na kama kijana anampa bure. Ikiwa ni ya kununua kwa ajili ya kupungua, pesa hiyo ainunulie mboga na matunda. Akafikiri kidogo, kisha akasema makopo mawili atayapeleka kwenye kikoba Jumamosi, pamoja na sahani, wembe, na vile vifuko kumi na nane vilivyosalia vya wenzake ambao bado hawajavitumia, wakavikate mbele ya kila mtu.